Suruali kwa kifungo? Nani hasa alipunjwa mwaka 1890

Najua nimepotea hapa karibu mwezi mzima. Semista imeanza kwa fujo, na tangu nirudi kutoka TP (mazoezi ya kufundisha) kule Kyela nilikuwa sijatulia. Leo Jumamosi, Iringa baridi kama kawaida yake, nimejifunika blanketi mbili na kikombe cha chai ya rangi, nikasema hapana, leo lazima niandike hiki kitu maana kinanikera moyoni.

Chanzo ni ubishi wa hapa chumbani. Jamaa mmoja wa Yanga alikuwa anamkandia mwenzetu wa Simba kuhusu Mbwana Samatta. Anasema mlimwachia TP Mazembe mwaka 2011, mtoto akaenda kubeba ubingwa wa Afrika 2015, 2016 akaenda Genk, Januari 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. "Nyie mliuza ng'ombe kwa bei ya kuku!" Wa Simba akajibu kwa hasira: wakati ule nani alijua? Alikuwa kijana wa miaka 18, hata miaka miwili hajaimaliza Msimbazi. Ungekuwa wewe ungekataa? Wakabishana mpaka mlinzi akaja kugonga mlango.

Mimi nilinyamaza. Sio kwamba sina timu, ila kwenye begi langu kuna karatasi ya mtihani ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, na kisa chake ni hicho hicho cha kuhukumu biashara ya zamani kwa macho ya leo. Nilimpa 4 kati ya 10. Swali lilihusu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, ule tunaouita Mkataba wa Heligoland. Mwongozo wa kusahihishia ulisema Ujerumani iliitoa Uganda, Zanzibar na Witu, ikapewa kisiwa cha Heligoland. Dogo akaandika, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba Ujerumani haikuitoa Uganda kwa sababu haikuwa nayo. Nikapiga mkasi mwekundu. Mwongozo ndio mwongozo!

Siku ya kurudisha karatasi akanifuata ofisini. Hakuja kulia marks. Aliuliza: "Mwalimu, kama walikuwa wanagawana, ziwa walimpa nani?" Baba yake ni mvuvi, kwao ni upande wa Matema. Nikamwambia niachie karatasi nitaiangalia tena. TP ikaisha, nikapanda basi na karatasi yake. Ndiyo hii hapa.

Sasa wadau tuanze mwanzo. Mkataba ulisainiwa Berlin tarehe 1 Julai 1890. Upande wa Ujerumani kansela alikuwa Leo von Caprivi, aliyeingia madarakani Machi mwaka huohuo baada ya Bismarck kuondolewa. Upande wa Uingereza waziri mkuu alikuwa Lord Salisbury, mtu mzima mwenye uzoefu wa mambo ya nje. Ukiwaangalia tu unaona mmoja ni mzoefu wa soko na mwingine ndio kwanza kafungua duka.

Ujerumani ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Ikaachia madai yake Uganda. Ikaachia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu ambao Wajerumani waliuweka chini ya ulinzi wao mwaka 1885. Yenyewe ikapata Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba 2, ambacho Waingereza walikuwa nacho tangu walipomnyang'anya Mdenishi mwaka 1807. Unguja peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600. Hapo bado hujaigusa Uganda.

Kwa hesabu hiyo ya ukubwa watu walicheka sana. Kuna utani unaohusishwa na Henry Morton Stanley kwamba Uingereza ilipata suruali mpya kwa kutoa kifungo kikuukuu. Carl Peters na wapenda makoloni wenzake walikasirika, na kelele zile zilisaidia kuzaa chama cha wazalendo wakali wa Kijerumani mwaka 1891. Mpaka leo darasani tunafundisha hivyohivyo: Mjerumani alipunjwa, andika, pita.

Mi naona tunakosea, na tunaanza kukosea kwenye neno "alitoa". Hebu jiulize, Julai 1890 Mjerumani alikuwa na nini mkononi?

Unguja haikuwa yake. Ilikuwa ya Sultani, Sayyid Ali bin Said, na Waingereza walikuwa wameshakaa pale wakitoa ushauri ambao ukiukataa unajuta. Uganda je? Carl Peters alikwenda kwa Kabaka Mwanga mapema mwaka huo akarudi na karatasi yenye sahihi. Karatasi tu. Hakuna boma, hakuna askari, hakuna bendera iliyolindwa. Ndiyo maana yule dogo wa Kyela alikuwa sahihi, na mimi mwenye kalamu nyekundu nilikuwa nimekariri. Mtu akikuuzia kiwanja cha jirani huwezi kusema amepoteza kiwanja. Alichotoa ni kelele zake tu.

Witu ndiyo ilikuwa mkononi kidogo, na habari ya Witu inauma kuliko zote ingawa vitabuni inapewa mstari mmoja. Watu wa pale waliwakubali Wajerumani kwa kutafuta kinga dhidi ya Sultani wa Zanzibar. Miaka mitano baadaye wanasikia wamehamishiwa kwa Mwingereza, bila kuulizwa. Septemba 1890 ugomvi ukazuka, Mjerumani mmoja aitwaye Küntzel na wenzake wakauawa, na Oktoba meli za Waingereza zikaja, mji wa Sultani Fumo Bakari ukachomwa moto. Sasa niambieni, kwenye swali la "nani alipunjwa", Witu tunaiweka safu ipi? Mwongozo wangu haukuwa na safu hiyo.

Pia kuna kitu Mjerumani alikipata ambacho wenye utani wa kifungo hawakitaji. Pwani! Ukanda wa mwambao wa bara, na Dar es Salaam ndani yake, ulikuwa mali ya Sultani, na kampuni ya Wajerumani iliukodi tu mwaka 1888. Ukodishaji huo ndio uliowasha vita vya Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Kwenye mkataba Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani auze moja kwa moja, na kweli akauza, kwa marki milioni 4. Bila pwani, koloni la Mjerumani lingekuwa nyumba isiyo na mlango. Pamoja na hiyo, Uingereza ilikubali Mjerumani afike mpaka Ziwa Tanganyika na mpaka wa Kongo, jambo lililokata ile ndoto ya akina Cecil Rhodes ya njia ya Kiingereza tupu kutoka Cape hadi Cairo. Hilo Salisbury alilaumiwa nalo kwao.

Basi hata mezani ilikuwa si suruali kwa kifungo.

Ngumu zaidi ni hili la macho ya nyuma. Ukihukumu biashara ya zamani lazima utenganishe kitu ambacho wangeweza kukijua siku ile na kitu kilichokuja baadaye kama ajali. La sivyo unamhukumu mtu kwa kosa la kutokuwa mganga.

Chukua ule mkono mrefu wa Namibia unaoitwa Caprivi, kwa jina la kansela mwenyewe. Ujerumani iliudai kwenye mkataba huohuo ili koloni lake la kusini magharibi lifike mto Zambezi, wapate njia ya maji kuelekea mashariki. Jamani, kwenye Zambezi kuna maporomoko ya Mosi-oa-Tunya! Livingstone aliyaona mwaka 1855 na akaandika habari zake, na wenyeji waliyajua toka enzi. Miaka 35 ilikuwa imepita. Hapa sioni huruma, hili ni kosa la siku ileile, walikuwa na uwezo wa kulijua.

Heligoland nayo upande wa pili. Ujerumani ilikuwa imeanza kuchimba mfereji wa Kiel mwaka 1887, ukafunguliwa 1895, kuunganisha Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini. Kisiwa kimekaa mbele ya midomo ya mito Elbe na Weser, yaani kama mtu ameegesha gari mbele ya geti lako. Gari likiwa la mpinzani, utalipa pesa nzuri liondoke. Kwa macho ya Berlin mwaka 1890 kukitaka kisiwa kile ilikuwa akili ya kawaida kabisa.

Na sasa njoo kwetu Nyanda za Juu. Mkataba uliiweka Uhehe yote upande wa Mjerumani. Kwenye ramani, safi. Ila Mkwawa hakusaini popote. Tarehe 17 Agosti 1891, mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya wino kukauka, jeshi la Wahehe lilimvizia Emil von Zelewski pale Lugalo, likamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Mpaka leo ukitoka Iringa kwenda Dar unaona kibao cha mnara wao. Wajerumani hawakuivunja ngome ya Kalenga mpaka Oktoba 1894, na Mkwawa hawakumpata mpaka Julai 1898, akiwa ameshajiua. Miaka nane ya kwenda kuchukua kitu ambacho karatasi inasema umeshapewa! Je, Caprivi angeweza kuyajua hayo Berlin? Sidhani. Angalau angeweza kujua kwamba ndani kuna wenyewe, maana pwani Abushiri alikuwa ameshawaonesha.

Halafu kuna kichekesho cha historia. Vita vya kwanza vilipoisha Ujerumani ilipoteza makoloni yote, na huku kwetu kukawa Tanganyika chini ya Mwingereza. Heligoland ikabaki kwao. Baada ya vita vya pili Waingereza walikishika kisiwa, na tarehe 18 Aprili 1947 wakalipua humo maelfu ya tani za baruti kuharibu ngome. Hakikuzama. Kikarudishwa Ujerumani tarehe 1 Machi 1952. Uganda ikapata uhuru 1962, Zanzibar na Kenya 1963. Kwa hiyo ukitaka kuhukumu kwa matokeo tu, mwenye kifungo bado anacho na mwenye suruali amebaki mtupu. Jamaa wa Simba hapa chumbani ningempa huu mfano angeshangilia. Lakini nao ni uongo uleule umegeuzwa, kwa sababu Caprivi hakununua kisiwa akijua Mwingereza ataondoka Kampala miaka 72 mbele. Alibahatika. Bahati si akili, kama ambavyo balaa si ujinga.

Sasa swali la dogo. Ziwa walimpa nani?

Nimeutafuta mkataba wenyewe nikausoma kifungu cha kwanza. Mpaka wa kusini unafuata mto Ruvuma, unakata magharibi hadi Ziwa Nyasa, halafu unakwenda kaskazini ukifuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi kwenye mdomo wa mto Songwe. Ufukwe, wadau. Si katikati. Kwa maneno yale, ukisimama Matema maji yakakufika magotini, umeshatoka nchi ya Mjerumani umeingia ya Mwingereza. Ziwa lenye karibu kilomita za mraba 29,600, na upande wetu tukaachiwa mchanga.

Nilipolisoma mara ya kwanza damu ilichemka. Hapa sasa, nikasema, Mjerumani alipunjwa kweli, na sisi ndio tuliorithi hasara! Nikaanza kuandika hivyo. Halafu nikasoma mbele.

Kifungu cha nane kinasema safari za maziwani na mitoni ni huru kwa bendera zote mbili. Hapo ndipo nilipotulia. Mwaka 1890 ziwa lilikuwa barabara. Waingereza walikuwa na meli humo tangu Ilala ya wamisionari mwaka 1875, wana vituo upande wa magharibi, wana njia waliyoiita barabara ya Stevenson kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika, na hiyo njia ndiyo waliyoitetea mezani kwa nguvu. Ndiyo sababu mpaka wetu wa Songwe mpaka Tunduma umepinda vile ulivyopinda. Mjerumani kwenye ziwa hakuwa na hata mtumbwi. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliingia majini 1893. Ikatembea humo bila shida mpaka Agosti 1914 ilipovamiwa na meli ya Waingereza. Kwa mtu anayetaka kupita tu na amehakikishiwa kupita, mstari uwe ufukweni au katikati ni jambo dogo. Hakuna aliyekuwa anapiga hesabu ya mafuta chini ya maji. Wala ya dagaa.

Wenyewe walijua kazi yao ilikuwa ya haraka, ndiyo maana kifungu cha sita kiliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Ziwani hawakurekebisha. Baada ya vita ya kwanza pande zote mbili za maji zikawa chini ya Mwingereza, na mtu hagombani na mkono wake wa kushoto. Upande wa Msumbiji Mreno alipatana na Mwingereza mwaka 1954 mpaka ukapita katikati. Sisi hatukuwa na Mreno.

Tukapata uhuru, Malawi nayo ikapata Julai 1964, na mwezi huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia Cairo kwamba mipaka ya kikoloni iheshimiwe. Malawi inasimama hapo, na kwenye 1890. Tanzania tangu 1967 imeshikilia kwamba mpaka upite katikati ya maji. Mwaka 2012 mambo yakachemka baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta, wazee kama Joaquim Chissano wakaitwa kusuluhisha. Wavuvi wanaendelea kutoa mitumbwi alfajiri.

Kwa hiyo hukumu yangu, na mnaruhusiwa kubisha, ni kwamba kwenye ufukwe Mjerumani hakupunjwa siku ile. Aliuza kwa bei ya siku ile kitu ambacho kwake kilikuwa maji ya kupita. Kosa lipo, ila ni kosa lao wote wawili na si la bei: kwa wavuvi wa Kyela ziwa lilikuwa shamba tangu zamani, na hilo lilihitaji mtu mmoja tu kuuliza. Mto Songwe nao ni hivyohivyo, wenyeji wanajua kwamba unahamahama njia yake, mafuriko yakija shamba linaamka nchi nyingine. Wanyakyusa na Wangonde wanazikana na kuoana ng'ambo na ng'ambo mpaka leo. Mtu wa Berlin aliona uzi wa bluu kwenye karatasi.

Kwa hiyo huwa nakasirika tukiuliza darasani "nani alipunjwa kati ya Uingereza na Ujerumani", tunakuwa kama tunasaidia wezi wawili kugawana vizuri. Ila nalo nisilitumie kukwepa. Swali la bei lina jibu, na nimeshalitoa: Salisbury alicheza vizuri zaidi, alitoa kisiwa ambacho ilikuwa kazi kukilinda akapata kisheria alichokuwa karibu kukipata. Caprivi alicheza wastani, kwa Zambezi alicheza vibaya.

Nimeichukua ile karatasi leo nikaisahihisha upya kwa peni ya bluu. Pale kwenye Uganda nimefuta mkasi nikaweka vema, na Zanzibar vilevile maana hoja yake ilikuwa moja. Imefika 8. Mbili nimezikata, dogo kaandika 1980 badala ya 1890, tena mara mbili. Nyuma ya karatasi nimemjibu swali la ziwa, maelezo yamejaa ukurasa mzima mpaka pembeni. Jumatatu kuna mwenzangu anapanda basi la Kyela, atampelekea.